Video za hisabati: kwa nini unaelewa ukitazama, kisha unakwama ukishika kalamu

Ni kauli ambayo walimu wa hisabati wameizoea: "Video nimeiangalia yote, nimeelewa kabisa, ila swali limenishinda." Anayesema hivyo hadanganyi. Ameelewa kweli, kwa maana kwamba kila hatua iliyopita mbele ya macho yake aliiona ina mantiki. Lakini kuikubali hatua iliyofanywa na mwingine ni kazi moja, na kujua hatua gani ifuate wakati karatasi bado ni tupu ni kazi nyingine. Video huirahisisha ile ya kwanza mno, hata ya pili ikasahaulika.

Mabishano kuhusu video na hisabati huwa yanakwenda kombo hapohapo. Upande mmoja unaiona video kama mkombozi wa mwanafunzi aliyeachwa nyuma, mwingine unaiona kama njia ya kumlemaza, na pande zote mbili zinazungumza kana kwamba video ni kitu kimoja. Ipo video inayoeleza, ipo inayoonyesha kitu kikitembea, ipo inayouliza swali na kunyamaza, na ipo inayomrekodi mtu akiwa kazini. Ya kwanza ndiyo iliyotapakaa kila mahali. Nionavyo mimi, ndiyo pia inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, na hizo nyingine zinatumika kidogo kuliko zinavyostahili.

Kufundisha hisabati kwa picha zinazotembea si jambo la jana. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kurusha vipindi vyake kupitia BBC Januari 1971, na hisabati ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Wakati huo mwanafunzi ilimbidi awe mbele ya televisheni saa ya kipindi, kikipita, kimepita. Kilichogeuza mambo ni uwezo wa kusimamisha na kurudisha nyuma. Salman Khan, Mmarekani aliyekuwa akimfundisha binamu yake hisabati kwa mbali tangu 2004, alianza kuweka video zake YouTube mwaka 2006, na huko ndiko Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ilikochipukia. Amesimulia hadharani kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa YouTube kuliko akizungumza nao moja kwa moja. Sababu haina fumbo. Video haichoki, haikunji uso, wala haimwoni anayerudia dakika ileile mara ya tano. Kwa mwanafunzi aliyewahi kuchekwa kwa kuuliza jambo "la darasa la nyuma", hilo peke yake ni nafuu kubwa.

Ila video isiyomwona mwanafunzi haioni pia kwamba amepotea.

Uwazi unaodanganya

Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio yaliyowahusu watu wanaotazama video za ustadi fulani, kwa mfano kurusha vishale kwenye ubao wa shabaha. Waliotazama mara nyingi walijiamini zaidi kuliko waliotazama mara moja. Walipopewa vishale warushe wenyewe, hawakuwa bora zaidi. Kutazama kuliongeza imani, uwezo ukabaki palepale.

Hisabati ina balaa hilohilo, tena limefichika zaidi, kwa sababu hakuna kishale kinachoanguka chini ukaona umekosa. Mtazamaji anafunga video akiwa na amani moyoni, na amani hiyo inadumu mpaka siku ya mtihani.

Derek Muller, ambaye wengi wanamfahamu kwa chaneli ya Veritasium, alilichunguza jambo la karibu na hili katika utafiti wake wa uzamivu Chuo Kikuu cha Sydney, uliokamilika 2008. Somo lake lilikuwa fizikia, lakini alichokiona kinamgusa kila anayetengeneza video za hisabati. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo yaliyonyooka, yasiyo na kasoro, waliyasifia: yanaeleweka, hayachoshi. Alama zao baada ya kutazama zikasogea kidogo sana. Walioonyeshwa mazungumzo ambamo mtu anatamka kwanza dhana potofu zinazoshikwa na wengi, kisha zinachambuliwa, walilalamika kwamba video inachanganya. Hao ndio waliojifunza zaidi. Maelezo yaliyonyooka yalimwacha mtazamaji na dhana yake ileile, kwani alisikia maneno yanayofanana na anayoyaamini na kujihesabu kuwa ameafiki.

Tuone jinsi hilo linavyotokea kwenye ukurasa wa aljebra. Chukua mlinganyo huu:

3 − 2(x − 5) = 7

Video ya kawaida itaumaliza kwa nusu dakika. Fungua mabano: 3 − 2x + 10 = 7. Jumlisha: 13 − 2x = 7. Kwa hiyo 2x = 6, na x = 3. Hakuna kosa hata moja, na sauti ni tamu. Aliyezoea kuandika 3 − 2x − 10 anatazama alama ya kujumlisha ikijitokeza, anasema moyoni "ndiyo, sawa", na kesho anaandika 3 − 2x − 10 kama kawaida yake. Hakupata nafasi ya kugundua kwamba yeye na video hawakubaliani.

Sasa ichukue njia nyingine. Video inaanza na karatasi ya mtu aliyekwisha kulifanya swali: 3 − 2x − 10 = 7, kisha −7 − 2x = 7, na jibu x = −7. Msimulizi hasemi ni kosa. Anachofanya ni kuirudisha −7 kwenye mlinganyo wa mwanzo: −7 − 5 ni −12, −2 mara −12 ni 24, ongeza 3, unapata 27. Tulitaka 7. Hapo maandishi yanatokea: *Simamisha. Tafuta mstari ulioharibika.* Video inaganda sekunde kadhaa ili hata asiyegusa kitufe apate muda. Kisha inakuja karatasi ya pili, ya mtu aliyetoa 3 − 2 kwanza akapata 1, akaandika x − 5 = 7, na jibu likawa 12. Kosa hili ni tofauti kabisa na lile la kwanza: huyu wa pili alama hazimsumbui, anachosahau ni kwamba kuzidisha kunatangulia kutoa. Nusu dakika imekuwa dakika tatu, na kila anayekosea kwa njia mojawapo amejiona.

Hii haina maana kwamba kila mada ianze na makosa. Kwa mtu anayekutana na jambo kwa mara ya kwanza, mfano uliofanywa mpaka mwisho una nguvu kubwa. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanafunzi wa aljebra waliosoma mifano iliyokwisha kutatuliwa walifanya maswali ya aina ileile haraka zaidi, na kwa makosa machache, kuliko walioachwa wahangaike wenyewe tangu mwanzo. Watu hupenda kunukuu matokeo hayo na kuacha kipande kimoja: katika jaribio lile kila mfano ulifuatwa papo hapo na swali linalofanana nao la kufanya mwenyewe. Mfano, swali, mfano, swali. Video yenye mifano sita mfululizo na kazi ya nyumbani mwishoni haifanani na kilichopimwa pale.

Picha inayopita, ubao unaobaki

Kasoro nyingine ya video ni ya asili yake: inapita. Maelezo ya hisabati hujengwa juu ya yaliyotangulia. Ukifika mstari wa nane unahitaji kuona mstari wa pili, na kama mwenye video ameshageuza ukurasa, inabidi uubebe kichwani. Akili ina nafasi finyu ya kubeba vitu kwa wakati mmoja, na nafasi iliyotumika kukumbuka haipatikani tena kwa kufikiri.

Jambo hili lina historia ya kuvutia, na imetokana na video zenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, James Stigler na wenzake walirekodi masomo 231 ya hisabati ya darasa la nane nchini Ujerumani, Japani na Marekani, kama sehemu ya TIMSS, utafiti wa kimataifa unaolinganisha ujifunzaji wa hisabati na sayansi kati ya nchi. Tofauti mojawapo iliyojitokeza haikuwa kubwa machoni: walimu wa Marekani walipenda projekta, wanaandika, wanaondoa, wanaweka nyingine. Walimu wa Japani waliandika ubaoni kuanzia upande mmoja hadi mwingine bila kufuta, hivi kwamba mwisho wa kipindi somo zima, kuanzia swali, njia za wanafunzi hadi hitimisho, liko mbele ya macho ya kila mtu. Aliyechelewa kuelewa anaweza kurudi nyuma kwa kugeuza shingo tu.

Anayetengeneza video anaweza kuiga hilo bila gharama. Andika kwenye karatasi moja kubwa au kwenye skrini moja isiyofutwa. Punguza mwandiko badala ya kuhamia ukurasa mpya. Mstari unaorejelewa uzungushie rangi wakati unautaja, maana "kama tulivyoona pale juu" haimsaidii mtu asiyejua pale juu ni wapi. Na mwishoni iache karatasi nzima ionekane kwa muda, mtu apige picha.

Kuhusu vifaa, mengi yanayosemwa ni ya kuuza kamera. Simu iliyotundikwa juu ya karatasi, mwanga unaotoka upande usiotupa kivuli cha mkono, na chumba kimya vinatosha. Sauti ndiyo isiyosameheka: picha hafifu mtu atavumilia, sauti ya kukwaruza ataikimbia. Usisome alama kama zilivyo, "tatu toa mbili fungua mabano x toa tano", kwa sababu hizo anaziona. Sema kisichoonekana: kwa nini umeanza na mabano, kwa nini umeamua kuhamisha 13 na si 2x. Na usiweke muziki chini ya maelezo. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kupima mambo haya, na moja ya kanuni zake zilizojirudia katika majaribio mengi ni kwamba mapambo yasiyohusiana na somo hupunguza kinachojifunzwa, hata yanapopendeza.

Urefu nao una hadithi yake. Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walipochambua mara milioni 6.9 ambazo video za kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa, mwaka 2014, waliona kwamba haidhuru video ina urefu gani, muda wa kati ambao watu walikaa nayo haukuvuka dakika sita. Tangu hapo "dakika sita" imekuwa kama amri. Lakini wao walipima kukaa mbele ya video, hawakupima kujifunza. Uthibitisho unaohitaji dakika kumi na moja hauna budi kupewa dakika kumi na moja. Kinachotakiwa ni kuukata mahali penye pumzi na kumpa mtazamaji kitu cha kufanya kila unapokatwa. Karl Szpunar na wenzake waliliona hilo mwaka 2013 kwa somo la takwimu lililotolewa kwa video. Walioulizwa maswali mafupi baada ya kila kipande, akili zao zilizurura kidogo, waliandika madondoo mengi zaidi, na wakafanya vizuri kwenye jaribio la mwisho kuliko waliopewa tu nafasi ya kuyapitia tena yaleyale.

Na wanaotazama kwa kasi maradufu? Utafiti wa Dillon Murphy na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, 2021, hutajwa sana kama ruhusa, kwa kuwa waliotazama kwa kasi hiyo hawakupoteza mengi. Video zile zilihusu Dola ya Kirumi na uthamini wa nyumba. Mwenye kutaka kujaribu na uthibitisho wa jiometri aanze na kipande anachokijua tayari.

Video isiyoeleza kitu

Chora duara lenye kipenyo AB. Weka nukta C mahali popote kwenye ukingo wa duara, uiunganishe na A na B. Kitabu kitakuambia pembe iliyoko C ni nyuzi 90, na kitakuchorea mchoro mmoja, mara nyingi C ikiwa juu katikati, mahali ambapo kila kitu kinaonekana sawa hata kama si lazima kiwe hivyo. Video inaweza kuitembeza C. Inateremka kuelekea A, upande mmoja unafupika, mwingine unarefuka, pembetatu inakuwa nyembamba kama sindano, na namba kando ya C inabaki 90, 90, 90.

Hapa hakuna haja ya maneno. Ila kabla C haijaanza kutembea, video isimame imuulize mtazamaji: ikisogea karibu na A, pembe itaongezeka, itapungua au itabaki? Aandike. Wapo watakaoandika itapungua, wakiuona mwili wa pembetatu unavyobanwa, na mshangao wao ndio utakaofungua mlango wa swali la pili: kwa nini? Sasa chora mstari kutoka katikati ya duara, O, hadi C. Mistari OA, OB na OC yote ni nusu kipenyo, kwa hiyo umepata pembetatu mbili, kila moja yenye pande mbili zinazolingana. Pembe ya A ni sawa na kipande kimoja cha pembe ya C. Pembe ya B ni sawa na kile kingine. Jumla ya zote ni 180, nusu yake iko C. Hoja hii haihitaji kitu kinachotembea. Inahitaji karatasi, na video nzuri inajua wakati wa kujiondoa, maana kuona nukta ikipita mahali elfu moja si uthibitisho.

Kizazi kipya cha video za aina hii kimepata nguvu kwa kazi ya Grant Sanderson, aliyeanzisha chaneli ya 3Blue1Brown mwaka 2015 na kuandika programu ya Manim inayochora michoro hiyo kwa maagizo yaliyoandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta. Programu iko wazi kwa yeyote kuitumia. Tahadhari yangu moja tu: ni video nzuri mno, na uzuri huo unaweza kuleta uleule udanganyifu tulioanza nao.

Video inayouliza ni fupi kuliko zote. Dan Meyer, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati Marekani, aliueneza mtindo wa kugawa swali katika matendo matatu. Tendo la kwanza ni video bila maneno: bomba linajaza maji kwenye tangi, polepole, mpaka mtu anachoka kungoja. Swali linajiuliza lenyewe, litajaa lini? Wanafunzi wanakisia, kisha wanasema wanahitaji kujua nini: ukubwa wa tangi, kasi ya maji. Ndipo wanapewa vipimo. Tendo la tatu ni video ileile ikiendelea mpaka tangi linajaa, saa ikiwa pembeni. Kitabu kingewapa vipimo vyote kwenye sentensi ya kwanza na kuwaondolea kazi ya kuamua kipi kinahitajika, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya hisabati.

Mpango wa kuligeuza darasa, ambapo maelezo yanatazamwa nyumbani na maswali yanafanywa darasani, ulipata umaarufu kupitia Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado walioanza kurekodi masomo yao 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Faida yake iko kwenye muda uliookolewa. Mwalimu akiutumia kupita kati ya madawati na kuona nani ameandika −10 na nani +10, kuna tofauti. Akiutumia kurudia yaliyomo kwenye video kwa sababu nusu ya darasa haikuitazama, waliotazama watajifunza upesi kwamba hakukuwa na haja.

Kuigeuza kamera

Zile rekodi za TIMSS zilirudiwa 1999 kwa upana zaidi, masomo 638 katika nchi saba, na zilifichua jambo ambalo dodoso lisingelipata. Maswali yaliyokusudiwa kuwafanya wanafunzi waunganishe dhana yalikuwepo kwenye masomo ya Marekani kama kwingineko. Lakini somo lilipoendelea, karibu yote yaligeuzwa kuwa hatua za kufuata au majibu matupu: mwanafunzi anakwama, mwalimu anamhurumia, anamwonyesha cha kufanya, na fikra inaishia hapo. Mwalimu aliye katikati ya kipindi haoni akifanya hivyo. Anaona amesaidia.

Ndiyo maana mwalimu anayejirekodi dakika kumi tu za somo, akazitazama na mwenzake anayemwamini, hupata kitu ambacho hakuna video ya mtandaoni itakayompa. Kamera asijielekezee yeye mwenyewe. Iwekwe mahali inaponasa kundi moja la wanafunzi na karatasi zao, kwa ruhusa ya wazazi na uongozi, na rekodi isitoke nje ya watu hao wawili. Wakitazama, waulizane: mtoto huyu alikuwa anafikiria nini alipoandika hivi, na mimi nilimjibu nini?

Mwanafunzi pia anaweza kuishika kamera. Mpe swali moja, si kumi. Arekodi mkono wake na sauti yake kwa dakika mbili akilitatua, akisema sababu ya kila hatua. Kwenye daftari, 3 − 2x + 10 ni jibu sahihi tu. Kwenye sauti utamsikia mmoja akisema "hasi mara hasi ni chanya" na mwingine akisema "ukifungua mabano alama zinabadilika". Wote wawili wamepata alama sawa. Yule wa pili mpe 3 + 2(x − 5), umsikilize.